Mbita Inafungwa, Haivaliwe

Muzimishe kwanza izo mashini, batoto. Za umeme zinapiga kelele sana, na mimi sauti yangu imebakia kidogo. Masika, weka pasi chini. Muikale.

Leo asubui Masika ameleta hapa atelie taji ya teatre ya shule yabo. Velure nyekundu imepasuka, meno mbili ya shaba zimepinda. Anasema: «Sokulu, babu yetu, ututengenezee, siku ya fete mufalme wetu asipate haya.» Nikageuza ile kitu, nikaangalia ndani, nikatafuta mwisho ya uzi. Kila mushonaji iko na namna yake ya kumaliza uzi. Mimi naurudisha mara tatu, kisha naupitisha chini ya pindo. Na ule uzi ulirudishwa mara tatu. Ni mimi mwenyewe njo nilishona ile taji, hapa hapa Kimemi, mu Butembo, wakati ya vita, na ilibakia kidogo initie mu kaburi.

Kisha Masika akaniuliza swali ya mwalimu wake: neno taji maana yake nini, na ilitoka wapi? Donc nitajibu kwenu bote mara moja. Macho yangu haione tena tundu ya sindano, mais kichwa ingali inakumbuka.

Maisha yangu yote nilishona bitu ya kichwa. Kofia ya fanfari, bereti ya batoto ba shule, kofia ya bapadiri, kofia ya bapishi, shela ya babibi-arusi. Mwalimu wangu alikuwa Papa Muhindo, mwembamba kama mupini ya jembe, Mungu amurehemu. Siku ya kwanza alinipatia tepi na yai moja ya kuku. «Pima hii,» akasema. Nikacheka. Yeye hakucheka. «Kichwa ya mutu haiko muviringo, Kambale. Iko kama yai, na kila kuku iko na yai yake.» Alinifundisha kupitisha tepi juu ya masikio na kuacha nafasi ya vidole mbili ndani. Kidole ya kwanza ni ya nywele. Ya pili ni ya sifa: batu bakimusifu mutu, kichwa inavimba.

Nyinyi munanunua makofia ya Chine, saizi moja kwa batu bote, nyuma kunakuwa kamushipi ya plastiki. Basi, nimenyamaza. Dunia inaendelea.

Kosa yangu kubwa ya kwanza ilikuwa kofia za fanfari ya parokia. Nilikata kitambaa bila kuiloweka mu maji kwanza, juu ya haraka, na haraka haraka haina baraka. Siku ya prosesio mvua ikanyesha, ile mvua ya Butembo isiyouliza mutu. Kofia zikaanza kusinyaa palepale. Yule wa trombone alikuwa na kichwa kubwa, na kofia yake ilibakia juu kabisa kama kifuniko ya chupa. Batu balicheka mupaka padiri mwenyewe akasahau wimbo.

Papa Muhindo hakunitukana. Alichukua kofia moja ya zile, akaiweka juu ya kichwa yangu, akasema: «Utavaa kosa yako yuma muzima, siku saba.» Nikaivaa. Sokoni, misani, hata kwa babu ya muchumba wangu. Kisha ile yuma akanipatia sheria: «Kofia yenye wewe mwenyewe hauwezi kuvaa mbele ya batu, usimupatie mutu mwengine. Kila moja uijaribu kwanza ku kichwa yako.» Tangu ile siku nilifwata, bila kuacha hata moja. Mukumbuke ile sheria, juu ni yenyewe iliyonipeleka karibu na kufa.

Sasa neno.

Kwetu hapa, kitu ya kichwa ya wakubwa iko na majina tatu, na mimi nilizani ni kitu moja yenye nguo tatu. Kuko taji, ile ya kanisa na ya kitabu. Padiri mumoja muzee aliniambia neno taji ilifika huku kwa miguu, na batu ba pwani, na bo balipewa na Barabu, na Barabu balipewa na batu ba Persia. Imetembea kuliko sisi bote, na haijachoka. Kuko kuronne, ya Babeleji. Ile neno iko na tabia mbaya kidogo: wanaitumia kwa malkia na wanaitumia tena kwa maua ya kilio. Na kuko mbita. Ile ni ya kwetu, ya milima, ya mwami, mufalme wa mulima. Neno nilikuwa naijua tangu utoto. Kitu yenyewe sikuionaka. Batu bengi banakufa bila kuiona. Nilikuwa najiambia: bila shaka ni taji, ya zahabu, iko na meno.

Na mimi nilikuwa nimeshona taji ya sanamu ya Bikira Maria, ilipendeza sana, mupaka batu bakaanza kuniita Papa Taji. Kichwa ikavimba. Vidole mbili hazikutosha.

Njo vita ikafika. Mimi siwezi kuwahesabia makundi gani yalikuja na gani yalitoka. Asubui unasalimia hawa, jioni unasalimia wengine. Kofia zao nilikuwa nazishona zote. Siku moja komanda mumoja akaingia hapa na basoda batatu, akatosha mu mufuko karata moja ya kuchezea. Mufalme wa roho, ule mwekundu. Akaiweka juu ya meza yangu.

«Papa Taji, fanya hivi.»

«Hivi namna gani, Komanda?»

«Kuronne. Kama yake. Siku ya muungu, Jumapili, niko na mwami wa kuweka.»

Nikaelewa. Ku mulima moja, mbali kidogo na muji, mwami muzee alikuwa amekufa mu kukimbia, mu pori, na batu bake balitawanyika. Komanda alitaka mbao ya ule mulima na barabara yake. Alikuwa na mutu wake, muuzaji wa pombe, mutu mwenye hata jirani zake balikuwa banamusahau jina. Nikauliza kama naweza kupima kichwa yake. Komanda akasema: «Pima yangu. Inatosha.»

Batoto, ile siku nilivunja sheria ya yai. Nilipima kichwa ya mutu mumoja nikishonea mwengine. Ungesema nini na bunduki mulangoni? Balileta velure, nafikiri ilikuwa ya pazia ya mutu, na shaba ya maganda ya masasi. Nikaigonga polepole mupaka ikawa bapa, nikakata meno, nikapakaa. Nitasema kweli, ilikuwa nzuri. Mukono haijue siasa.

Siku ya ine, Mukaka Kahindo akaingia.

Sikumujua; kwetu kila nyanya ni Mukaka. Nilimuona bibi muzee, mufupi, ameinama chini ya kikapo ya biazi, mukanda ya kubebea imepita mbele ya kipaji ya uso, kama bamama bote ba huku. Akaweka muzigo chini. Ile mukanda ilipotoka niliona mufereji mu kipaji chake, umezama hasa, kidole inaweza kulala ndani. Miaka ya kubeba njo ilichimba ule mufereji.

«Weye njo mushonaji wa kichwa?»

«Njo mimi, Mukaka. Karibu.»

«Funga mulango.»

Nikafunga. Akachukua ile mukanda ya gome, akafungua mushono kwa meno, na kutoka ndani akavuta kipande ya ngozi. Ngozi nyeusi, upana ya vidole tatu. Simbi ine mbele, zile kauri nyeupe. Kamba mbili za kufungia, zimeoza. Ilikuwa imezikwa mu chungu wakati ya kukimbia, na maji iliingia.

«Nini iyo, Mukaka?»

«Mbita.»

Mungu anisamehe, nilicheka. Nikamuonesha kuronne yangu pale ku rafu, inangaa. «Ile? Mbita ni ile tu?»

Aliniangalia mupaka kicheko ikanikauka. «Weye ni mutoto wa nani? Kichwa yako kubwa, ndani kuko nafasi ya kupangisha.»

Kisha akaikala, akanifundisha, na mimi mutu mukubwa mwenye atelie nikasikiliza kama mutoto wa primere. Akasema: kofia mutu anavaa mwenyewe. Mbita hapana. Mbita inafungwa. Ni wengine njo banakufunga, na mukono yako hapana kuigusa. Na fundo inakaa nyuma, fasi macho yako haiwezi kufika. Mwami hajue fundo yake iko namna gani. Ni wale balimufunga njo banaiona, na kama anawatesa, banajua fasi ya kufungulia.

Nikamuuliza: neno inatoka wapi?

«Kila mulima iko na yake. Bengine banasema ilivuka muto ya Semuliki na bakubwa ba zamani. Mimi najua ya mama yangu. Alisema: mwami wa kwanza wa kwetu hakuwa mwami. Alikuwa mutu tu. Wakati ya kuvuka, mama yake alikuwa mugonjwa, na yeye akamubeba mu mugongo kwa mukanda, mwanaume, kama mwanamuke. Batu bakamucheka. Akavusha mama yake, akarudi akavusha muzee mwengine, akarudi tena. Kisha batu bakaona mufereji mu kipaji yake, bakaacha kucheka. Bakasema: huyu njo atubebe. Bakafunga ngozi palepale, juu ya alama, ili bajukuu basisahau alama ilitoka wapi.»

Kama ni kweli? Sijui. Bataalamu bataandika ingine, na waandike. Mimi niliona mufereji yake ile siku, na nikaamini.

Akaniambia tena kwa nini alikuja. Mwana wa mwami, Mumbere, mwalimu wa shule, alikuwa amekimbilia Mbau. Kwabo mwami njo anapanda mbegu ya kwanza. Bila yeye kufungwa mbita, hakuna jembe inashuka, na batu bake balikuwa mu mashamba ya batu, banangojea kusikia. Na kama basoda bangeipata ile ngozi na kumufunga yule wa pombe nayo, imekwisha, mulima umekwenda. Alikuwa ametembea na ile mbita mu mukanda yake, siku mbili, bariyeri kisha bariyeri. Basoda balipekua biazi moja moja. Kipaji hakuna mutu alipekua.

Nikawaza: huyu bibi muzee peke yake anazidi jeshi muzima. Mupaka leo nawaza hivyo.

Sheria zake zilikuwa fupi. Sindano ndiyo, mukasi hapana kabisa. Hapana kupima. «Na hapana kuiweka ku kichwa. Umesikia?» Nikasema nimesikia. Akatoka nyuma ya nyumba, ku lupango, kupanga biazi yake vizuri.

Nilishona kama sijashonaka. Ngozi ya zamani inapasuka kama unavuta uzi kwa nguvu. Donc unapaka mafuta kidogo, unangojea, unatoboa kwa sindano baridi, unavuta kama unamutosha mutoto mwiba. Fasi tatu. Kisha kamba mpya za ngozi ya mbuzi, alizileta yeye. Nikamaliza, nikarudisha uzi mara tatu.

Na sasa, batoto, mukono yangu ikafanya yenyewe. Miaka yote ile! Kila kofia: unamaliza, unajaribu, unaangalia kioo. Sikuwaza hata kidogo. Nilijikuta mbele ya kioo na mbita ku kipaji, nimeishika kwa nyuma na kidole.

Njo nikasikia viatu ya basoda mulangoni.

Komanda aliingia bila kupiga hodi. Alikuja kuchukua kuronne siku mbili mbele ya ile tuliyopatana. Akasimama, akaniangalia, basoda bake nyuma. Kama angekuwa na mutu mumoja wa kwetu mu kile kikundi, mumoja tu mwenye kujua mbita, ningekuwa maiti, na mulima pamoja nami.

«Papa, oyo nini? Nini iyo ku kichwa?»

Mbele nijibu, sauti ikatoka nyuma yangu.

«Ni mukanda yangu, mwanangu!» Mukaka Kahindo alikuwa ku mulango ya nyuma, kikapo mu mikono. «Ilikatika. Nimemuambia aijaribu yeye mwenyewe, nione kama inakamata. Bashonaji ba siku hizi ni baongo.»

«Na simbi?»

«Eee! Muzee hapana kupendeza?»

Musoda mumoja akacheka. Na mbele sijaelewa, Mukaka amenigeuza, amenitupia kikapo mu mugongo, na mukanda yake ya gome amenipitisha mbele ya kipaji, juu kabisa ya mbita, ikaifunika yote. Biazi zikanivuta nyuma, shingo ikalia.

«Tembea,» akasema. «Kama mushono ni muzuri, utafika ku barabara. Kama ni mubaya, biazi zitakuambia.»

Munajua kwetu: mwanaume anabeba ku bega, anabeba ku kinga, ni kusema baiskeli, anasukuma chukudu ya mbao na magurudumu mbili. Mukanda ya kipaji ni ya bamama. Mwanaume mu mukanda! Komanda alicheka mupaka akashika meza. «Papa Taji, leo umekuwa Mama Taji!» Akachukua kuronne yake ku rafu, akajivalisha yeye mwenyewe mbele ya kioo, na ikamukaa sawasawa, juu ni kichwa yake njo nilipima. Nilimuacha pale anajigeuza huku na huku.

Nilizani ku barabara nitaweka chini. Mukaka akanisukuma mu mugongo: «Hapana simama. Bangali banaangalia.» Nikatoka Kimemi hivyo, mulango ya atelie wazi, nguo zangu, mashini yangu, vyote nyuma. Bamama ba sokoni balipiga vigelegele. Muchumba wangu wa zamani, sasa muke wangu, alikuwa mu foleni ya maji. Aliniona, akageuza uso kama hanijue. Nilitokwa na machozi ya haya, sitaficha.

Kisha kona ya pili nikasema: «Mukaka, unisamehe. Niliivaa.»

«Nani alikufunga?»

«Hakuna mutu.»

«Donc haikuwa mbita. Ilikuwa ngozi tu juu ya kichwa ya mupumbavu.» Akatembea kidogo. «Mais utalipa. Utabeba mupaka Mbau.»

Akaingiza mbita tena ndani ya mukanda, mu nyumba ya dada yake, na nikabeba. Mupaka Beni tulipata nafasi juu ya kamio ya mahindi, na pale pia alinikataza kutosha mukanda ku kipaji. Kutoka Beni tulitembea. Ku kila bariyeri basoda balicheka mbele ya kuuliza karatasi, na mutu anayecheka hapekue vizuri. Njo pale nikaelewa hesabu ya ule bibi. Hakuniazibu tu. Alikuwa ameniweka mbele kama ngao, na ngao ilikuwa haya yangu.

Tulifika Mbau kipaji kinaniwaka moto. Mumbere alikuwa kijana mutulivu, chaki bado mu vidole. Balimufunga mchana, mu shamba ya ndizi, wazee batano na Mukaka. Mimi waliniambia nigeuke. Nikageuka. Niliangalia mugomba na nikasikia tu: majani, maneno ya Kinande ya chini chini, kisha sauti ya ngozi inavutwa. Nilijua ile sauti. Nilingojea ipasuke. Haikupasuka. Mushono ulikamata.

Donc mimi, Papa Taji, sijaonaka mbita ku kichwa ya mwami. Nilisikia tu.

Na yule wa pombe? Siku ya muungu balimuweka. Kuronne ilimushuka mupaka puani, juu kichwa yake ilikuwa kadogo, nilisema mimi, yai na yai. Batu balikula nyama, bakakunywa, bakaenda. Jembe hakuna ilishuka. Mwezi iliyofwata, usiniulize namna gani, mulima muzima ilijua kama Mumbere amefungwa mbita, na mbegu ya kwanza ilipandwa mu kashamba kamoja ku mupaka, kwa siri, na jembe zote zikaamka. Komanda akahamishwa na vita yake, mwami wake akafwata nyuma. Kuronne balitupa, shule ikaokota.

Mukaka Kahindo alikufa miaka mingi kisha pale, ku kitanda chake, kati ya bajukuu. Famili bakanituma nimushonee kitambaa ya kichwa ya kuzikia. Mutoto wake mukubwa akaniambia: «Papa, ushushe kidogo mbele, ufunike ile alama. Si nzuri batu baione.»

Nikapima. Ile ilikuwa mara ya mwisho nimepima kichwa ya mutu. Tepi ikapita juu ya masikio, ikafika mbele, na ikaingia yenyewe mu mufereji wake, ikalala pale. Nikalia kama mutoto.

Sikuishusha. Niliipandisha vidole mbili.

Mwami Mumbere alikuja ku kilio, kichwa wazi, koti ya kawaida. Famili walisimama banaogopa atasema nini. Alifika ku sanduku, akaona kipaji, akainama. Aliinama mupaka chini, yeye mwenye hainamie mutu, na akabakia pale.

Masika, mwandikie mwalimu wako ile. Na taji yenu chukua, iko pale ku meza, nimemaliza kuinyoosha. Mais umulete mufalme wenu nimupime kichwa.